Sura ya Tano: Stika ya Chini ya Kiganja

Mpwa wangu alikuwa na shilingi 32,000 kwenye simu na hakutaka kushuka nazo mjini peke yake. Pesa zenyewe zilitoka pande tatu: zamu yake ya chama, kibarua cha miezi miwili cha kunakili mahojiano ya watu kutoka sauti kwenda maandishi, na mkopo mdogo wa mamake, ambaye ni dadangu. Basi Jumamosi hiyo nikapitia Kawangware kumchukua, tukapanda matatu ya 46 pale Congo, na kabla hatujafika Yaya akaniuliza:

"Mjomba, AMD ni laptopu ya kampuni gani?"

Nilicheka, kisha nikaona sina haki ya kucheka. Muuza laptopu wa Kawangware, yule ambaye kibanda chake kimebanana kati ya M-Pesa na mchoma mahindi, huandika kwa kalamu nene kwenye kipande cha katoni: EX-UK, i5, 4/500. Imetosha. Nne ni gigabaiti za RAM, mia tano ni za diski, EX-UK ni asili, i5 ni cheo. Hakuna anayejisumbua kuandika Intel, kama ambavyo hakuna muuza duka anayeandika Unilever juu ya Omo. Hiyo i5 imekwisha kuwa kipimo, kama namba ya kiatu. Ukiambiwa mashine haina i, swali linalofuata ni: sasa ina nini?

Nikamweleza kwamba HP, Dell na Lenovo ndio washonaji wa nguo. Kitambaa hununua kwingine. Prosesa, ile chembe inayofanya hesabu zote, kwa laptopu za Windows tunazozijua hutoka kwa mmoja kati ya wawili: Intel, iliyoanzishwa 1968, au AMD, iliyofuata mwaka mmoja baadaye. Zote mbili za California. Laptopu mbili za HP zinaweza kukaa rafu moja, rangi moja, ukubwa mmoja, na ndani zikawa za wapinzani.

"Mbona basi sijaiona hiyo nyingine?"

Hilo ndilo swali lenyewe. Sura hii haihusu sana prosesa ipi ina mbio kuliko ipi. Vipimo vya mbio vimejaa kila mahali. Inahusu kwa nini mtu wa Kibera au Kawangware, akienda sokoni na pesa zake halali, anakuta uamuzi umeshafanywa na watu asiowajua.

Tuliteremka mjini tukashika Luthuli, barabara ambayo tangu 2019 imeachiwa sana waendao kwa miguu, ingawa redio na spika za maduka bado zinakusukuma kando kama mkokoteni. "Mkubwa, laptop? Sista, kuja uone, kuangalia ni bure." Tukapanda ngazi za jengo mojawapo kati ya yale yaliyokatwakatwa kwa vioo mpaka kila duka likabaki na upana wa kitanda. Humo laptopu zimepangwa wima kama sahani kwenye kabati. (Vitabu vya shule vinataka niseme kipakatalishi. Nililijaribu neno hilo huko huko Luthuli siku moja. Muuzaji akaniuliza mtoto ana miezi mingapi.)

Mpwa wangu akaanza kuhesabu stika. Zinakaa chini ya kibodi, mahali ambapo kiganja cha mkono hupumzika, na kwenye mashine iliyotumika sana huwa zimesuguliwa mpaka kona zimekunjamana. EliteBook 840, buluu, Intel. ThinkPad T470, Intel. Latitude 7480, Intel. Alipofika ishirini na moja akaacha. Zote Intel.

Nikamuuliza kijana mwenye duka kama ana ya AMD. Akanitazama kama nimeomba chai katika duka la viatu. "AMD siweki, mzee. Ikikaa hapa, imekaa."

Sikumlaumu. Mtaji wake wote uko pale kwenye kioo, na mashine isiyotoka ni kodi ya nyumba isiyolipwa. Lakini si yeye aliyeanza kuchagua. Anayechagua kwanza ni bale.

Laptopu ya EX-UK ni mtumba kama shati la soko la Toi, na hufuata njia ya mtumba. Kampuni, halmashauri ya mji au chuo huko Uingereza hununua mashine mia nane kwa mpigo, huzitumia miaka mitatu au minne, kisha huziondoa zote siku moja. Dalali huzikusanya, huzifuta data, huziuza kwa wingi. Nyingine huja moja kwa moja, nyingine hupitia Dubai kwanza. Kwa hiyo meza ya muuzaji wa Luthuli leo ni kumbukumbu ya manunuzi ya maofisi ya watu miaka mitano, sita, saba iliyopita. Ofisi zile zilinunua Intel, nasi tunapokea Intel. Anayefungua bale hachagui kilichofungwa ndani.

Asili hiyo unaweza kuigusa kwa vidole. Chaja ya EX-UK ina plagi ya meno matatu ya mraba, ile ile tuliyoachiwa na mkoloni, inaingia ukutani Gatwekera, Kibera, bila kuhitaji adapta. Kibodi ina alama ya pauni juu ya 3, na Enter yake ni ndefu kama kigae kilichosimamishwa. Juu ya 2 pamechorwa alama ya kufunga na kufungua usemi, na alama ya @ imehamia kulia, karibu na L. Sasa muuzaji wetu akishaweka Windows mpya huacha mpangilio wa Kimarekani, kwa hiyo ukibonyeza kilichochorwa hupati ulichoona. Katika saiba yoyote ya Kibera utamkuta mtu anayefungua akaunti ya mkopo wa chuo wa HELB kwa mara ya kwanza, anatafuta @ kwa jasho, na mwenye saiba anampigia kelele kutoka kwenye fotokopi bila hata kugeuka: "Shift na mbili!" Mara nyingine hukuta kibodi yenye å na ö, na hapo unajua kwamba hiyo UK ilikuwa Uswidi.

Lakini kwa nini maofisi yale yalinunua Intel? Kwa sehemu kubwa ya miaka hiyo jibu ni la haki: prosesa za AMD za laptopu zilikuwa dhaifu. Sehemu nyingine ya jibu ni ya zamani zaidi, ilizungumzwa mahakamani, na inahusu rafu za maduka kuliko inavyohusu hesabu za prosesa.

Tarehe 13 Mei 2009 Tume ya Ulaya iliitoza Intel faini ya euro bilioni 1.06. Tume ilisema Intel iliwapa watengenezaji wakubwa wa kompyuta mapunguzo yaliyofungwa na masharti, na kwamba kati ya 2002 na 2007 ililipa kundi la maduka la Ujerumani, Media-Saturn, ili liuze kompyuta zenye Intel peke yake. Mnunuzi wa Munich aliingia dukani, akaona rafu nzima, akadhani hiyo ndiyo dunia. Kulikuwa na mengine ya wazi zaidi: HP ilipewa pesa kwa sharti kwamba kompyuta zake za ofisi zenye AMD ziuzwe kwa biashara ndogo na za kati tu, ziuzwe na HP yenyewe bila kupitia wasambazaji, na uzinduzi wake Ulaya ucheleweshwe miezi 6. Acer na Lenovo nazo zilitajwa kwa kuahirisha laptopu zao za AMD.

Soma tena hilo la wasambazaji. Biashara ya kompyuta ya miji kama Nairobi imesimama juu ya wasambazaji. Hukumu ilihusu soko la Ulaya, si letu, na sitaki kuivuta mpaka hapa kwa nguvu. Ila bidhaa iliyonyimwa mlango huo kule haiwezi kujaa kwenye bale linalotoka kule.

Intel ilikana na kukata rufaa, na kesi ikazeeka kuliko mashine zenyewe. Novemba 2009 iliilipa AMD dola bilioni 1.25 kumaliza magomvi yao. Januari 2022 mahakama ya Ulaya ikaifuta faini, ikisema uchambuzi wa Tume kuhusu yale mapunguzo haukutosha. Lakini sehemu ya malipo ya kuchelewesha na kuzuia ilibaki, na Septemba 2023 Tume ikarudi na faini ya euro milioni 376 kwa hiyo peke yake. Fahali walikuwa wakipigana mbele ya majaji, na nyasi zilikuwa mbali sana, kwenye vibanda vya Kawangware, hazina hata habari kwamba kuna mchezo.

AMD nayo haikuwa malaika, ilikuwa imechoka tu. Kufikia 2015 hisa yake ilikuwa ikiuzwa kwa kama dola mbili, bei ya sahani ya pilau kwenye kibanda kizuri. Katika miaka hiyo ndipo jina lake lilipoharibika huku kwetu, kwa sababu vilivyofika madukani, vipya kabisa na kwa bei ya chini, vilikuwa vile vya E1 na E2: mara nyingi viini (core) viwili vya kuvuta miguu, vilivyotengenezwa viwe rahisi. Aliyeichukua mpya kwenye boksi akaiweka kando ya i5 ya mtumba ya jirani aliona tofauti kabla Windows haijafunguka. Kutoka hapo neno likaenea na halijarudi: AMD ni nzito, AMD inapata moto. Watu wachache walikumbuka kwamba Intel ilikuwa ikiuza Celeron kwenye rafu hiyo hiyo, nayo ikikokota vile vile. Celeron ilisamehewa kwa sababu ya ukoo wake. (Jina lenyewe Intel iliacha kulitumia kwenye laptopu mpya 2023.)

Kisha 2017 ikaja Ryzen ya AMD. Tazama kilichotokea kwa Intel, maana hili linamgusa hata asiyetaka kusikia AMD. i5 ya laptopu nyembamba ya kizazi cha saba, i5-7200U kwa mfano, ina viini viwili. Viini viwili, mwaka baada ya mwaka, toka enzi za kizazi cha kwanza. Mwaka ule ule wa Ryzen, i5 ya kizazi cha nane ikatoka na vinne. Intel ingeweza kufanya hivyo mapema kama ingependa. Ilipenda ilipoona mwenzake yuko mlangoni. Kwa hiyo mtoto wa Silanga anayehariri video kwa i5-8250U ya mtumba anakula matunda ya ushindani, hata kama stika yake ni ya buluu.

Namba hizo, basi, ndizo za kusoma, si stika. Stika huuzwa rejareja kama za matatu, na nimeona mashine yenye stika ya i7 ambayo ndani ilikuwa i3. Muuzaji akuwashie, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, nenda kwenye ukurasa wa utendaji, jina kamili liko juu kulia. Kwa Intel za zamani tarakimu zinazofuata kistari ndizo kizazi: i5-6300U ni cha sita, i5-8365U ni cha nane, i5-10210U ni cha kumi. Ile "i7" ya kizazi cha nne wanayokuimbia ina viini viwili pia ikiwa mwisho wake ni U, na i5 ya kizazi cha nane inaipita bila kuhema. Cheo bila kizazi ni maneno matupu.

Kwa AMD kuna mtego wake, na huu naona haya kuutetea. Kwenye familia ya 7000 tarakimu ya kwanza inakuambia mwaka wa kuuzwa. Ya tatu ndiyo inayokuambia umri wa ubunifu wenyewe. Ryzen 5 7520U inasikika mpya, lakini ile 2 ya katikati ni Zen 2, usanifu wa 2019. Ryzen 5 7530U, inayotofautiana nayo kwa tarakimu moja tu, ni Zen 3. Mwishoni mwa 2023 Intel iliwacheka AMD hadharani kwa mchezo huo, kisha yenyewe ikaendelea kuuza ubunifu wa zamani kwa majina mapya. Kama umewahi kuona sofa kuukuu lililovalishwa kitambaa kipya pale Ngong Road, unajua biashara hii.

Halafu kuna Windows. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10. Windows 11 inataka Intel ya kizazi cha nane kwenda mbele, isipokuwa chache; kwa Ryzen orodha inaanzia familia ya 2000, na hata humo si zote. EliteBook 840 G3, ambayo kwa miaka mingi imekuwa Probox ya laptopu za Nairobi, ni kizazi cha sita. Imeachwa nje. Kuna njia za panya za kuiingiza, na mafundi wanazijua zote, lakini bei ya G3 inaposhuka hadi ishirini na kitu elfu, ujue sababu mojawapo. Anayependa Linux hana shida hiyo. Ana nyingine ndogo ya kuchekesha. Faili ya Ubuntu ya kupakua imeandikwa amd64, na nimepigiwa simu zaidi ya mara moja na kijana mwenye Intel akidhani anapakua ya adui. Ni kwa sababu AMD ndiyo iliyobuni mfumo huo wa biti 64, ukaingia sokoni 2003, na Intel ikaufuata. Kila Intel kwenye ile meza ya Luthuli inazungumza lugha iliyotungwa na AMD.

Turudi kwenye ngazi. Tulizunguka maduka saba. La saba, kwenye kona isiyo na mwanga, mwanamke mmoja mwenye leso kichwani alichomoa mashine kutoka chini kabisa ya rundo, akaipangusa kwa mkono wa sweta. EliteBook 745 G6. Wanaojua HP huangalia tarakimu ya mwisho: 840 ni ya Intel, 745 ni dada yake wa AMD. Ndani kulikuwa na Ryzen 5 PRO 3500U, viini vinne, RAM 8, SSD 256. Ya 840 G6 aliyokuwa nayo, RAM na diski sawasawa, alitaka 36,000. Hii, 31,000.

"Kwa nini hii iko chini, mama?" mpwa wangu akamuuliza.

"Watu wanaiogopa."

Nikaipima kwa uaminifu. Kwa kazi ya kuandika na kuvinjari, 3500U na i5 ya 840 G6 ni ngoma droo. Picha na michezo, AMD inashinda. Betri ikiwa imetulia bila kazi kubwa, Intel ya miaka hiyo inakaa zaidi kidogo, na kwa mtu wa mtaa ambao stima hupotea jioni hilo si dogo. Kuna tatizo moja la zamani lililonifanya nisite: mpwa wangu alitaka kujifunza kutengeneza programu za Android, na zamani emuleta ya Google, simu ya kuigiza kwenye skrini, kwenye Windows ilitegemea teknolojia ya Intel. Wenye AMD walikuwa wakibaki na simu halisi iliyochomekwa kwa waya. Lakini Google ilifungua mlango huo Julai 2018. Nikamwambia, chukua.

Akachukua, kwa 30,500 na mfuko wa bure.

Saa nne usiku simu ikalia. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeibiwa. "Mjomba, wametupiga. Imeandikwa RAM 8, halafu kwenye mabano inasema zinazotumika ni 5.9."

Hakuna aliyetupiga. Ryzen ya laptopu ina kifaa cha picha ndani yake, na kifaa hicho hakina kumbukumbu yake. Hukatiwa fungu kutoka kwenye RAM, mara nyingi gigabaiti 2, kabla Windows haijaamka. Intel nayo hukopa, ila hukopa kimyakimya kadiri ya haja, kwa hiyo hutaona pengo kubwa kama hilo. Nilimweleza mara mbili. Alisema ameelewa kwa sauti ya mtu ambaye hajaelewa.

Jumanne tukakutana Kibera, kwa fundi ninayemwamini, nyuma ya Toi, kwenye kibanda cha mabati chenye taa moja ya mezani na kioo cha kukuzia cha sonara. Akaigeuza 745 kifudifudi, akalegeza skrubu, akafungua. Kando yake alikuwa na 840 G6 ya mteja mwingine, wazi vile vile. Mpwa wangu akainama katikati. Mfuniko ule ule. Betri, feni, kibodi, matundu ya skrubu, kila kitu ni pacha. Ubao wa katikati tu ndio uliotofautiana.

"Huo ubao ukiungua?" nikamuuliza.

Fundi hakuinua kichwa. "Wa 840 nakuletea kesho asubuhi. Wa 745, utaniachia namba yako ya simu." Akanionyesha kwa kidole cha mguu ndoo ya rangi iliyojaa mbao zilizokufa ambazo huchomoa vipande vidogo vidogo kufufulia nyingine. Zote za Intel. Sikuwa nimelifikiria hilo kule Luthuli: ile 5,500 tuliyookoa ni bei ya kukosa vipuri.

RAM yake ilikuwa kijiti kimoja, tundu la pili tupu. Hilo nalo huitesa Ryzen, kwa sababu kifaa chake cha picha hunywa kwenye RAM hiyo hiyo, na vijiti viwili hukipa mabomba mawili badala ya moja. Fundi akapekua kopo la maziwa ya unga, akatoa kijiti cha gigabaiti 8.

"Kimetoka wapi?"

"840 iliyomwagikiwa na chai."

Akakisukuma ndani mpaka kikalia tiki, akafunga, akawasha. Mpwa wangu alifungua ukurasa mwenyewe safari hii, akaweka kidole kwenye skrini na kusoma polepole: kumi na sita, na kwenye mabano kumi na tatu nukta tisa.

"Mjomba," akasema, "zile mbili bado hawajarudisha."